Swali la Nkirote

Mwalimu Salesio Mithika alikuwa amefundisha sayansi katika shule moja, juu kidogo ya soko la Muthara, tangu ujana wake, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumtia doa. Ubao wake ulikuwa safi, mwandiko wake umenyooka, na wanafunzi wake walinakili bila kunong'ona. Akimaliza kusomesha huuliza, "Mmeelewa?" Nao hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Hapo hujipangusa chaki vidoleni akatoka, moyo wake umetulia.

Basi mwalimu mkuu alipomwita na kumwambia kwamba muhula ule atapata mkufunzi, mwanamke kutoka Meru mjini, atakayekaa nyuma ya darasa lake kila wiki na kumwonyesha namna ya kufundisha kwa udadisi, Salesio alijiona kama mtu mzima anayeambiwa afunzwe upya kutembea.

"Kwani nimekosea wapi?" aliuliza.

"Hujakosea, Mwalimu. Ni mpango wa walimu wote wa sayansi wa huku mashambani. Mpokee tu."

Mkufunzi huyo aliitwa Kajuju. Aliishi Kinoru, mtaa mmoja wa mji huo, na kabla ya kazi hii alikuwa mwalimu wa darasani kama wao. Hakuja na makuu. Siku ya kwanza alikataa kiti alicholetewa, akaketi kwenye benchi katikati ya watoto wa Gredi ya Saba, magoti yamemfika kifuani, akasikiliza somo mwanzo hadi mwisho bila kuandika neno. Baadaye wakasimama wawili ukumbini, mvua nyepesi ikidondoka kwenye mabati.

"Somo lako limepangika, Mwalimu," Kajuju alisema. "Naomba nikuulize moja tu. Leo ni mwanafunzi gani aliyekuuliza swali?"

Salesio alifikiri. "Hakuna. Wote walielewa."

"Umejuaje?"

Swali lile lilimuudhi Salesio, hasa kwa kuwa aliyeuliza hakuwa na kejeli usoni.

"Madamu," alisema hatimaye, "watoto wamejaa hadi dirishani. Maabara hatuna. Mtihani haungoji mtu. Nikianza kuchezacheza na maswali yao, silabasi nitaimaliza lini?"

"Tujaribu somo moja," Kajuju alijibu. "Likiharibika, lawama ni yangu."

Wakalipanga pamoja somo hilo: mishumaa miwili, chupa kubwa ya jemu na chupa ndogo. Kajuju alimwomba mambo mawili tu. Asiwaambie watoto kitakachotokea kabla hakijatokea. Na mtoto akimuuliza jambo, asikimbilie kulijibu, kwanza amuulize yeye anaonaje. "Na waache waseme Kimeru," aliongeza, "ikiwa ndiyo lugha wanayofikiria."

Siku ilipofika, Salesio aliiwasha mishumaa. Hakuwa amewahi kuingia darasani bila kujua sentensi ya mwisho ya somo lake. Aliifunika mishumaa kwa zile chupa, akarudi nyuma hatua moja, akanyamaza, na kunyamaza kulimwia kazi ngumu kuliko kusema. Mshumaa wa chupa ndogo ulififia, ukazimika. Wa chupa kubwa ukaendelea kidogo, kisha nao ukazimika.

"Mmeona nini?"

Mwanzo hawakujibu, kwa maana walizoea kuambiwa walichokiona. Kisha mmoja akasema mshumaa umezimwa na moshi. Mwingine akabisha. Wa tatu akasema moto umechoka, darasa likacheka, na Salesio, akikumbuka alivyoagizwa, akauliza, "Basi mbona huu mwingine ulichelewa kuchoka?" Kelele zikaanza. Watoto walisimama, walitaka tena, walitaka chupa ya tatu, walipimana kwa Kimeru nani ana hoja na nani hana. Salesio alijikuta anatabasamu. Katika miaka yake yote pale hakuwa amewahi kusikia darasa lake likifikiri kwa sauti.

Ndipo mkono mmoja ukainuka kutoka upande wa ukutani. Ulikuwa mkono wa Nkirote, msichana mpole aliyekuwa hasemi darasani ila akiitwa jina kwenye rejista.

"Mwalimu," alisema, "mshumaa umemaliza hewa iliyokuwa ndani ya chupa. Na jiko la makaa je? Likiwekwa ndani ya nyumba iliyofungwa, linaifanya nini hewa?"

Kelele zilikatika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri. Watoto wote waliinamisha macho, kwa maana wote walijua yaliyotokea kwao Nkirote.

"Hilo," Salesio alisema, "hilo si la leo."

Akageuka, akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao, hali siku hiyo hakuwa ameandika kitu.

Walipotoka nje kwenye ukumbi, mvua ikinyesha tena, Kajuju alisubiri wanafunzi wapite. "Mwalimu, umefundisha vizuri sana leo. Lakini swali lile la mwisho lilikuwa la maana kuliko yote, nawe umelifungia mlango. Kwa nini?"

"Madamu, wewe si mtu wa hapa."

"Ni kweli. Niambie."

Hakutaka kumwambia, lakini alimwambia. Yule mtoto, Nkirote, alikuwa mpwa wake. Mama yake, Felicitas, alikuwa dada yake Salesio, kitinda mimba wa mama yao, msichana ambaye Salesio mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Julai ya mwaka juzi, baridi ya milima ya Nyambene ilipokuwa kali hata ng'ombe wakagoma kutoa maziwa, Felicitas alilala na mtoto wake mchanga asiamke. Mumewe, Kaimenyi, alikuwa amesafiri na mzigo wa miraa. Aliporudi asubuhi aliukuta mlango umefungwa kwa ndani, akauvunja. Mama na mtoto walikuwa kitandani wamekumbatiana, nyuso zao hazina jeraha wala dalili ya maumivu.

Daktari aliyewapima alisema neno moja tu kwa familia: "Walikosa hewa." Kisha akaenda zake kwa wagonjwa wengine. Na neno lile halikutosha. Watu waliulizana matangani, mtu akoseje hewa, na hewa iko kila mahali? Kaimenyi akakumbuka kwamba jioni ile nyumba nzima ilikunywa maziwa yaliyonunuliwa kwa Hamda. Huyu Hamda alikuwa mwanamke Mwislamu aliyekuwa na hoteli pale Muthara sokoni, akiuza chai, maziwa na mahamri, na Felicitas alikuwa rafiki yake kuliko mteja. Lakini uvumi hauna breki. Wengine walisema sumu, wengine wakasema majini. Siku ya soko iliyofuata vijana wakaivunja hoteli, viti vikatupwa barabarani, sufuria zikakanyagwa. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Hamda akahamia mji wa Maua kwa kaka yake, Abdiwahab, na hakuonekana tena.

"Na wewe?" Kajuju aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe ulisemaje?"

"Waliniuliza. Walisema, 'Mwalimu, wewe umesoma sayansi, unaonaje?' Mimi nilikuwa nimefiwa na dada yangu. Niliinamisha kichwa." Salesio aliitazama mvua. "Na kimya cha mwalimu wakakifanya ushahidi."

Kajuju akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Sikujua ninalolisukuma. Hakuna mafunzo yatakayokulazimisha kurudi kwenye swali hilo. Wiki ijayo tutaendelea na mimea."

Salesio alirudi nyumbani kwa miguu, akipitia kando ya mashamba ya miraa, na kilichomtesa njia nzima hakikuwa Kaimenyi wala Hamda. Ilikuwa sentensi. Aliijua kwa moyo, kwa kuwa alikuwa ameisoma kwa sauti ya imla kila mwaka tangu aajiriwe: "Jiko la makaa likiwaka mahali pasipopitisha hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua." Watoto wa kila mwaka waliinakili. Wengi waliipata kwenye mtihani. Na miaka ile Felicitas alipokuwa mwanafunzi wake, akiketi katika chumba kile kile, aliinakili kwa mwandiko wake mzuri wa duara, akapata alama zote, kaka yake akamsifu mbele ya darasa.

Felicitas alikuwa na jibu, naye hakuwa nalo. Na yeye mwenyewe mwalimu, daktari aliposema "walikosa hewa," neno lilimpita masikioni kama jina la mji ambao hajawahi kufika. Sentensi ile ilikuwa ya ubaoni. Haikuwahi kutoka darasani ikaingia nyumbani mwa mtu, hata mwake.

Wiki iliyofuata Kajuju alikuja na mimea kwenye mfuko. Salesio alimpokea getini.

"Madamu, weka mimea. Nataka kurudi kwa swali la mtoto."

Kajuju alimtazama sana. "Una hakika?"

"Sina. Lakini nitarudi."

Waliketi katika chumba cha walimu, chai ikawapoa. Kajuju hakumpa njia nyepesi. "Kwanza, mshumaa hauthibitishi jambo hilo," alisema. "Mshumaa ndani ya chupa unakosa hewa safi, unazimika. Jiko ni jambo lingine. Jiko linaendelea kuwaka, tena makaa ni mekundu na mazuri, hali linatoa sumu. Ukiwaambia watoto ni kitu kimoja utakuwa umewadanganya, na wataondoka wakiamini kwamba maadamu moto unawaka, hewa ni nzuri."

Salesio aliguna. Hilo hasa ndilo alilotaka kuwaambia watoto.

"Pili, hatuwashi jiko darasani tukafunga madirisha."

"La hasha. Basi tutachunguzaje?"

"Wewe waonaje?" Kajuju aliuliza, na kwa mara ya kwanza wote wawili walicheka kidogo.

Walifikia hili: watoto waende wakaulize nyumbani kwao na kwa majirani. Nani huwasha jiko chumbani wakati wa baridi? Dirisha huwa wazi au limefungwa? Na asubuhi mwili huamkaje? Lakini Kajuju alishikilia sharti moja hakulegeza. "Waulize yaliyopita, wasingoje yatakayotokea. Na kabla mtoto hata mmoja hajatoka darasani, ajue kwamba usiku wa leo jiko la kwao lilale nje. Udadisi si wa kumtazama mtu akiumia ili ujue kilichomuumiza."

Ndivyo ilivyofanyika. Siku ya kurudi na majibu, darasa lilikuwa halitoshi kwa maneno. Mmoja alisema guka, yaani babu yake, hutapika kila Julai, naye hudai ni nyongo. Mwingine alisema mama yake huamka kichwa kinampasuka, lakini akifika shambani kinapona bila dawa. Wa tatu alisimulia kuku waliolazwa jikoni wasije wakaibwa, wakakutwa wamekufa bila ugonjwa. Na wale ambao nyumba zao zina nafasi kati ya ukuta na paa walisema kwao hakuna anayeumwa, ingawa wana majiko vilevile. Salesio aliyaandika majibu ubaoni katika sehemu mbili, nyumba zilizofungwa na nyumba zilizo wazi, kisha akakaa kando.

Kijana mmoja wa mbele ndiye aliyeliona mwanzo. "Mwalimu, wanaumwa wale waliofunga. Na wakitoka nje wanapona. Kwa hivyo ugonjwa uko ndani ya hewa ya nyumba."

"Lakini hawanusi kitu," mwingine alisema. "Kwa hivyo hauna harufu."

"Na hauonekani."

"Mwalimu, ni kitu gani basi?"

Hapo tu ndipo Salesio alipowapa ile sentensi yake ya zamani, neno kwa neno, na akaona watoto wakiiandika polepole, wengine wakisimama katikati kuitazama tena. Nyuma ya darasa Kajuju alikuwa ameinamisha uso.

Nkirote hakuwa ameleta jibu lolote. Wenzake walipotoka yeye alibaki kwenye benchi. Kajuju alipoona hivyo akachukua mkoba wake, akatoka na kuuacha mlango wazi nyuma yake.

"Mjomba," Nkirote alisema. Shuleni hakuwahi kumwita hivyo. "Ni mimi niliyeliingiza jiko."

Salesio akaketi.

"Mtoto alikuwa anakohoa. Mama akaniambia nilete jiko la nje niliweke karibu na kitanda. Nikalileta. Nikaenda kulala kwa nyanya, kwa sababu kitanda kilikuwa kidogo." Alizungumza kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Watu waliposema ni maziwa, nikanyamaza. Mama Hamda akapigiwa kelele, nikanyamaza. Siku ya mshumaa nilikuuliza kwa sababu nilitaka uniambie kwamba si jiko."

Lingekuwa jambo rahisi kumpa alichokitaka. Salesio alilipima, akaliona lilivyo tamu, na akaona pia kwamba mtoto huyu angelibeba hadi uzeeni na lingemwoza mikononi.

"Ni jiko, mwanangu," alisema.

Nkirote hakusogea.

"Sasa nisikilize vizuri. Ulitumwa na mama yako, ukatii. Mama yako alikutuma kwa kumhurumia mtoto. Katika nyinyi wawili hakuna aliyejua. Mtu aliyekuwa na kazi ya kuwajulisha yuko, naye ni mimi. Nilimsomesha mama yako katika chumba hiki. Nilimpa maneno, nikampa alama, sikumpa maana. Ukitafuta wa kumlaumu, uanze na huyu aliye mbele yako."

Msichana alimtazama mjomba wake kana kwamba anampima kama anasema kweli. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Hakuwa amelia matangani. Bibi zake walisema wakati ule kwamba ana moyo mgumu. Salesio alihama kutoka kiti chake, akaketi naye kwenye benchi, na hakumwambia anyamaze.

Maneno ya darasa hayakai darasani. Kabla wiki haijaisha Kaimenyi alifika shuleni, koti lake limefungwa vibaya, macho mekundu. Aliwapita watoto uwanjani, akamkuta Salesio nyuma ya stoo ya mahindi ya shule.

"Shemeji! Ndiyo sayansi hiyo, kuwafundisha watoto wafukue makaburi? Mke wangu anafanywa mfano wa ubaoni?"

"Hakutajwa jina darasani, shemeji."

"Nani asiyejua? Kijiji kizima kinasema Mwalimu amemsafisha yule mwanamke na maziwa yake!"

Salesio alikuwa na hotuba kifuani. Ilikuwa imekamilika, yenye hoja na mwisho wake. Akaiacha. "Nikuulize, shemeji. Maziwa yale, Nkirote aliyanywa?"

Kaimenyi alisita. "Aliyanywa."

"Wewe je?"

"Nilikunywa chai yake kabla sijaondoka. Kwani nini?"

"Na nyanya, huko alikolala Nkirote, alikunywa?"

"Felicitas alimpelekea kikombe." Sauti ya Kaimenyi ilianza kupungua. "Unataka kusema nini?"

"Sisemi. Nauliza. Mlikunywa nyote. Waliokufa ni wawili tu waliolala chumba kile. Wewe waonaje?"

Kaimenyi aliegemea ukuta wa stoo, akateleza taratibu hadi akachuchumaa, mtu mzima, mwenye nguvu za kubeba magunia. Watoto walikuwa wanapiga mpira upande wa pili na sauti zao zilifika pale kama za nchi nyingine.

"Dirisha nililiziba mimi," alisema. "Niliziba na magunia, nikashindilia matambara juu ya ukuta kote, sikuacha hata tundu. Nilikuwa nasafiri. Nilitaka nisiwaache na baridi." Alijifunika uso kwa viganja. "Nilipovunja mlango, joto lilinipiga usoni. Joto zuri, shemeji. Tangu siku hiyo najua kwamba kuna kitu sitaki kukijua. Ningeishi vipi?"

"Sijui," Salesio alisema. "Mimi pia sijui. Tunaishi tu."

Wakakaa hapo. Baadaye Kaimenyi akauliza, "Mtoto anajua?"

"Anajua kwamba aliliingiza jiko. Anadhani kosa lote ni lake. La dirisha hajaambiwa na mtu."

Kaimenyi aliinua kichwa. Alionekana amezeeka.

"Sitamwambia mimi," Salesio alisema. "Hilo ni lako."

Alasiri ile aliwaona kwa mbali, baba na binti, wakishuka njia ya kwenda nyumbani. Kaimenyi alikuwa amesimama katikati ya njia, anasema, mikono yake ikining'inia. Nkirote alikuwa anasikiliza, amemwinulia uso. Salesio hakusikia neno. Aliona tu kwamba baba alipomaliza, mtoto alichukua hatua akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa baba yake, na wakaendelea kuteremka bila haraka.

Muhula ulipokaribia kuisha Kajuju alikuja kuaga. Alikuwa anapelekwa upande wa Embu, katika shule za kuzunguka Siakago, kule kwenye joto na ukame, ambako walimu walimngojea kwa mashaka yale yale aliyokutana nayo Muthara.

"Ungekuja siku moja useme nao," alimwambia Salesio. "Wewe watakusikia kuliko mimi."

"Nitakuja. Nitawaambia kuhusu ile sentensi na miaka yangu yote ya kuisoma. Lakini mtoto sitamtaja."

"Usimtaje." Kajuju alitundika mkoba wake begani. "Mwalimu, mimi hufundisha walimu kwamba swali la mtoto ni zawadi. Sikuwahi kuwaambia kwamba pengine ni mzigo. Sasa nitawaambia."

Kwenda Maua walikwenda wawili, Salesio na shemeji yake. Walimkuta Hamda katika duka la vyombo la Abdiwahab, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwembamba kuliko walivyomkumbuka. Aliwatambua mara moja, akasimama. Abdiwahab naye alitoka nyuma ya kaunta, akasimama kando ya dada yake, mikono ameifumbata.

Kaimenyi alikuwa amejiandaa njia nzima, na sasa hakuweza. Ikabidi Salesio aanze. Alisema yote: daktari, jiko na mtoto aliyetumwa kuliingiza, dirisha, matangani walipomuuliza naye akainamisha kichwa. Hakuyapamba. Alipomaliza, Kaimenyi alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama Hamda, nilikusingizia mauti. Nilijua sijui, nikasema najua."

Hamda alikuwa anasikiliza akitazama barabarani.

"Hoteli ilikuwa ya mikono yangu," alisema. "Mnataka niseme nimesamehe, mrudi kwenu mkiwa wepesi. Sitasema leo. Labda Mwenyezi Mungu atanifikisha huko, lakini leo sijafika."

"Tutasema hadharani," Salesio alisema. "Katika baraza, mbele ya chifu na watu wote."

"Semeni. Hilo ni deni lenu kwa watu wenu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mlinifukuza kabla hajazikwa. Felicitas alikuwa rafiki yangu. Mtoto yule mchanga, mimi ndiye niliyemletea nguo yake ya kwanza. Sikupewa nafasi hata ya kusema pole. Mnajua ni nini kulia mtu ambaye watu wanasema umemuua? Unalia umejifungia, usije ukaonekana." Alijipangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Hoteli siitaki. Nionyesheni alipolazwa."

Katika baraza walisema. Wengine waliamini, wengine wakanung'unika kwamba Mwalimu amelishwa kitu, na vijana wawili watatu walioivunja hoteli waliondoka kabla Salesio hajamaliza. Hata hivyo, msimu ule wa baridi nyumba nyingi za Muthara zilionekana alfajiri na majiko nje ya milango, yamepoa, majivu yamelowa umande.

Hamda alikuja siku ya Jumamosi, ameletwa na kaka yake kwa gari. Hakupitia sokoni. Kaimenyi alimpokea kwenye boma lake, akataka kusema kitu, Hamda akamzuia kwa kiganja. Salesio akabaki na shemeji yake uani. Ni Nkirote aliyemwongoza mgeni nyuma ya migomba, hadi mahali ambapo ardhi ilikuwa imetuna kidogo na maua ya njano yamepandwa kuzunguka.

Hamda akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya ua, "Felicitas, nimechelewa. Pole, dada yangu. Pole kwa mtoto."

Nkirote alikuwa amesimama hatua chache nyuma, anakunja na kukunjua upindo wa sketi yake ya shule. Hamda akageuka, akamwona.

"Umekuwa mrefu," alisema. "Umefanana naye."

"Mama Hamda," msichana alisema, "ni mimi..."

"Najua. Mjomba wako aliniambia." Akanyoosha mkono. "Njoo ukae hapa nami."

Nkirote akaja, akachuchumaa kando yake. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka Nyambene, ukiifunika migomba ya juu. Hamda alivua mtandio wake mzito wa nje, akauweka mabegani mwa mtoto, wakakaa.